Giza Nyuma ya Kioo

Fundi Gervasi alikitoa kioo cha kompyuta kwenye mfuko wa vielelezo, akakigeuza huku na huku kama mtu anayekagua sato sokoni, halafu akacheka.

"Afande, hiki ndicho mmemfungia Fablisi?"

"Viko vinne," alisema Sajini Leonsia. "Alikutwa navyo hapa hapa Nyakanazi, kwenye begi, anasubiri gari la Ngara."

"Alivinunua kwangu."

"Na kila anayekamatwa na kitu Nyakanazi amekinunua kwako?"

Gervasi akaacha kucheka. Kibanda chake kilikuwa kimebanwa kati ya mama lishe na ofisi ya mabasi, na kila lori lililopita kuelekea Rusumo liliitingisha meza yake ya kazi, simu zilizofunguliwa matumbo zikacheza ngoma. Leonsia hakukaa kwenye kigoda alichopewa. Fundi anayejibu haraka hupenda ukae, na ukishakaa anakuuzia maneno.

Shauri lenyewe lilikuwa hivi. Sekondari ya Nyakariba, kule Kirushya, ilipewa kompyuta za mkononi zilizochakaa. Fabrice Ntwari, kijana fundi wa Murukulazo, aliitwa akaziwekea Linux, mfumo wa bure usiolemea mashine kongwe. Ijumaa akaziacha zinawaka, shule nzima ikashuhudia. Jumatatu zikafunguliwa, vioo vyote vyeusi tii. Mkuu wa shule hakumpigia fundi, alipiga polisi. Akasema kijana kang'oa vioo vizima, kabandika vibovu, na vizima kaenda kuviuza njia panda. Jioni ile ile Fabrice akakamatwa Nyakanazi, na begini vioo vinne. Wazazi wake walikuja toka Burundi miaka ile ya vita, kwa hiyo watu wakaongeza chumvi yao: asipewe dhamana huyo, mtamtafuta ng'ambo ya mto Ruvuvu. Kesho asubuhi alikuwa anapandishwa kizimbani Ngara. Akishaingia rumande kuu, kumtoa ni kazi ya wakili, na kwao hawana wakili.

"Tazama hapa," Gervasi alisema, akaonyesha ubavu wa kioo. "Chembamba hiki. Cha kompyuta za juzijuzi. Mdomo wake huu wa waya hauingii kwenye mashine za zamani hata ukiupaka mafuta. Za shule zikoje?"

"Nene. Kama Biblia ya padri."

"Basi. Huwezi kutoa kiatu cha mzee kwenye mguu wa mtoto. Hivi vioo havijatoka Kilushya."

"Hilo linaonyesha hivi havijatoka. Halionyeshi vya shule vimekwenda wapi."

"Na nani kakuambia vimekwenda?" Gervasi akavuta mashine moja chini ya meza, akaiwasha. Ikanguruma, kioo kikabaki cheusi. "Hiki nacho kimekufa?"

"Kimekufa."

"Lete tochi ya simu yako. Isogeze kabisa. Ilaze kwa pembeni, usimulike kama unamtafuta mwizi."

Leonsia akalaza mwanga juu ya ule weusi. Kwanza hakuona kitu. Halafu, kama jiwe chini ya maji ya mto, ikaonekana picha: saa, vialama, maandishi madogo. Vyote vilikuwepo. Vilikuwa gizani tu.

"Kioo kina vitu viwili, afande. Picha, na taa iliyokaa nyuma ya picha. Taa ikizima, picha haijafa. Sasa nenda kamulike za shule ndiyo mje mtufunge."

Leonsia akarudisha kioo mfukoni. Hakusema asante. Alikuwa bado anampima.

* * *

"Shikamoo, mkuu."

"Marahaba. Karibu, afande. Hukuwa na haja ya kurudi, mwizi si mnaye?"

Mwalimu Rogasian, mkuu wa shule, alikuwa mtu mzima mwenye sauti ya gwaride. Alimtangulia Leonsia hadi chumba cha kompyuta, mlango ukafunguliwa na Priscila, mtunza maabara, dada mwembamba mwenye kitenge kiunoni na funguo shingoni. Ndani walimkuta Madamu Clarisse, mwalimu wa somo la kompyuta, ameketi na mikono imefungwa kifuani.

"Virikuwa vizima Ijumaa," alisema Rogasian. "Nimeviona kwa macho haya. Jumatatu vyote vimerara. Fundi gani anaondoka vitu vinakufa nyuma yake?"

"Ufunguo wa hapa anao nani?"

"Mimi, na Priscila."

"Na pasiwedi ya kuingilia kwenye mashine? Nimeambiwa bila hiyo huwezi kubadilisha kitu cha ndani kikakaa."

"Anayo Fabrice," alisema Clarisse. "Na mimi."

"Wewe tu?"

"Nimesema na mimi."

Alijibu akitazama dirisha. Leonsia akalishika hilo. Akaiwasha kompyuta ya kwanza, ikatoa mwanga kidogo, ikazima kioo huku tumbo linanguruma. Akawasha ya pili, ya tatu. Zote njia ile ile. Kisha akatoa simu, akalaza tochi.

"Njoo uone, mkuu."

Rogasian akainama. Akainuka. Akainama tena, safari hii akavua miwani.

"Yesu wangu! Kuna watu humu!"

"Kuna picha," Leonsia alisema. "Vioo ni vyenu vile vile. Hakuna aliyeviiba."

Clarisse alikuja mbio, akaegemea bega la mkuu wake, mdomo wazi. Waliambiana "ona, ona" kama watoto walioonyeshwa kupatwa kwa jua. Leonsia hakuwa anaangalia kioo tena. Alikuwa anaangalia watu. Priscila alikuwa amesimama pale pale mlangoni. Hakusogea kuja kuona.

"Wewe dada hutaki kuona?"

"Naona tu nikiwa hapa, afande."

Toka pale mlangoni hata paka asingeona. Lakini mtu anaweza kuwaogopa polisi bila kosa lolote, na Leonsia alikuwa amewatisha wengi wa namna hiyo. Akarudi kwa Clarisse.

"Madamu, toka Ijumaa hadi Jumatatu nani aliingia humu?"

"Mimi nilikuwa kwenye harusi Rulenge. Waulize waliokuwepo."

"Sikukuuliza ulikuwa wapi. Nimeuliza nani aliingia."

"Sijui."

"Kama hujui, mbona umeanza kujitetea?"

Rogasian akakohoa. Aliona kesi yake inamponyoka, akaikamata kwa upande mwingine.

"Afande, kwani kuzima taa si uharibifu? Rabda kavizima makusudi huyo huyo Fabrice, iri tumwite tena. Mafundi hawa si unawajua? Anakutengenezea redio, anakuachia ugonjwa mwingine ndani."

Hilo halikuwa neno la kijinga. Leonsia akaomba kompyuta moja iwe kielelezo, akaifunga kwenye kanga ili vumbi la njiani lisiingie, akapanda bodaboda kurudi kituoni.

* * *

Nje ya kituo mama Kaneza, mama yake Fabrice, alikuwa amekaa juu ya tofali. Alipomwona Leonsia akasimama kwa shida.

"Mwana wanje amekura?"

"Amekula, mama."

"Kesho mnampereka?"

"Kesho haijafika, mama. Kaa kivulini."

Fabrice alitolewa mahabusu miguu wazi, hana mkanda. Alipoiona kompyuta mezani akaiangalia kwanza hiyo kabla ya kuangalia watu. Mkuu wa kituo alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai, akionyesha wazi kwamba muda anaoutoa ni wa hisani.

"Eleza," alisema Leonsia. "Kuanzia Ijumaa. Usiruke."

"Niriziwekea mfumo, zikakubari. Zikiwaka, kioo kinazima. Mashine za zamani ndivyo zirivyo, mfumo mpya haujui taa ya nyuma ya kioo iwashwe na nani. Mfumo na mashine, kira mmoja anamtegea mwenzake. Kwa hiyo unaandika mstari mmoja wa kuuambia mfumo: taa hii iachie mashine yenyewe. Niriandika kwenye zote, zikawaka. Madamu akashuhudia."

"Mstari huo nitauonaje, na kioo ni cheusi?"

"Mwanzoni kabisa, kabra mfumo haujashika, taa huwa inawaka kidogo. Washa, shikiria Shift. Utaona orodha. Bonyeza herufi e. Tafuta mstari unaoanza na neno linux."

"Bonyeza wewe."

"Mimi sigusi kitu, afande. Nikigusa mtasema nimegusa."

Mkuu wa kituo akaguna. Leonsia akakaa mwenyewe. Mara ya kwanza akachelewa kushika kitufe, kioo kikaenda kuzimu. Mara ya pili akapata. Maandishi meupe yakajipanga, marefu, kama sala ya lugha usiyoijua. Fabrice akasogeza shingo, akasoma kimya, midomo inacheza. Ghafla akakunja uso.

"Nani ameandika hivi?"

"Vipi?"

"Soma hapo mwisho."

Leonsia akasoma herufi moja moja: acpi_backlight=vendol.

"Mwisho hapo ni vendor," alisema Fabrice. "Ara. Siyo eri. Hirohiro rimeharibu. Mashine haijui neno hiro, imeriruka kama harijaandikwa."

"Eri ni nini?" mkuu wa kituo akauliza.

"Eri, afande. Eri ya rimau."

"Limau?"

"Si ndiyo hiyo, rimau."

Mkuu wa kituo akamwaga chai kwa kicheko. Hata Fabrice akatabasamu kidogo, mara ya kwanza toka aingie pale.

"Chekeni tu. Mimi nirichapwa darasa ra kwanza hadi ra saba kwa kosa hiro. Wengine wakiandika kulala, mimi kurara. Rakini mstari huu nimeuandika mara nyingi mno, vidore vyangu havikosei hata nikisinzia. Na ningekosea, ningekosea upande wangu, ningeandika backright. Kuweka eri pahari pa ara siyo ugonjwa wetu wa huku."

Leonsia alikuwa Mhangaza wa kuzaliwa, alijua kijana anasema nini. Yeye mwenyewe chuo cha polisi walimwita Reonsia hadi akahitimu. Huku kwao eli ndiyo hupotea. Ukitaka mahali ambapo ara ndiyo hupotea, uteremke Biharamulo kwenye ng'ombe wengi na watu wa Kisukuma, ambako utakaribishwa kwa kalibu na kushukuriwa kwa shukulani. Na ulimi wa namna hiyo alikuwa ameusikiliza asubuhi, ukisema Fablisi na Kilushya.

"Mstari huu mtu kaufuta, halafu kaurudisha vibaya," alisema Leonsia. "Mharibifu harudishi. Huyu alitaka taa ziwake."

"Au ni Fabrice kakosea toka mwanzo," mkuu wa kituo alisema.

"Angekosea toka mwanzo, Ijumaa zisingewaka."

"Sawa. Lakini kesho hakimu hatasikiliza habari za ulimi, Leonsia. Atataka mtu. Hatuna mtu mwingine, tunapeleka huyu tuliye naye."

Leonsia akatoka ukumbini na simu.

"Gervasi. Lini ulifika Kirushya?"

"Mimi? Sijawahi kufika Kilushya, afande. Nifuate nini huko, ndizi?"

"Wewe hujafika, lakini ulimi wako umefika. Umemwambia nani maneno ya mstari wa taa?"

Lori likapita upande wa pili wa simu.

"Kuna mwanamke alinipigia jana," Gervasi alisema taratibu. "Hakutaja jina. Namba yangu kaitoa kwenye kaluatasi niliyobandika kwenye chaja za shule nilizomuuzia Fablisi. Akasema mstali anaukumbuka wote ila neno la mwisho limemtoka. Nikamwambia, vendoli."

"Vendoli."

"Ndiyo. Vendoli."

"Na asubuhi nimesimama kwenye meza yako nusu siku hukuniambia?"

"Uliniuliza vioo, afande. Hukuniuliza maneno."

"Namba yake?"

"Nafuta kila jioni. Mke wangu anapekua."

Leonsia akameza tusi. "Alisema ni nani?"

"Alisema ni mwanafunzi wa Fablisi."

Akarudi ndani. "Fabrice, una mwanafunzi wa kike? Mtu unayemfundisha kazi?"

Kijana akashangaa kweli kweli. "Mimi? Sina mwanafunzi yeyote, afande. Mimi mwenyewe bado najifunza."

* * *

Wanawake wawili walikuwa na njia ya kuingia chumba kile. Mmoja alikuwa na pasiwedi, na akiulizwa anajibu dirisha. Mwingine alikuwa na ufunguo tu. Njiani kurudi Kirushya, bodaboda ikiruka mashimo katikati ya migomba, Leonsia aliwaweka kwenye mizani, na mizani ilimlemea Clarisse. Ila kumshika mtu kwa mizani ndiko kulikomweka Fabrice alipo. Alitaka mtu ajishike mwenyewe.

Aliwakuta wote wawili na mkuu wa shule. Akaomba waende chumba cha kompyuta. Priscila akafungua, akarudi kusimama mlangoni.

"Tumepata dawa," Leonsia alisema, kwa sauti ya kuchoka, kama anayetaka kumaliza aende zake. "Madamu, kaa hapa. Utaandika ninavyokusomea. Mimi Kiingereza hiki kinanishinda."

Clarisse akakaa. Shift ikashikiliwa, e ikabonyezwa, mstari ukaonekana. Leonsia akawahi kuufuta mkia kwa kidole chake mwenyewe kabla mwalimu hajausoma, akabakiza mahali patupu.

"Andika. acpi. Kistari cha chini. backlight."

Vidole vya Clarisse vikaenda bila kusitasita. Leonsia aliona hilo, na mizani ikaanza kurudi katikati.

"Alama ya sawasawa. Halafu vendor."

"Vendor," Clarisse akarudia, akaandika v, e, n, d, o. Akaweka r.

"Madamu."

Sauti ilitoka mlangoni, ndogo, ya mtu anayeona sufuria inataka kufurika.

"Madamu, mwisho hapo ni eli. Siyo ara. Ukikosea haitawaka."

Kuku alikuwa anaparura nje, akasikika. Leonsia akanyoosha mkono juu ya bega la Clarisse, akabonyeza F10, kitufe cha kuwashia alichoelekezwa na Fabrice. Mashine ikanguruma, kioo kikaingia giza, wakasubiri. Kisha kikawaka, cheupe, chote.

"Imefufuka!" Rogasian akapiga makofi. "Afande, hongera! Imefu..." Akaona hakuna mwingine anayepiga makofi. Akageuka mlangoni.

Priscila alikuwa anatazama ile ara.

"Nani alikuambia ni eli?" Leonsia akauliza.

"Mimi... nilidhani."

"Mtunza funguo anadhanije herufi ya mwisho ya neno ambalo mwalimu wake anasomewa?"

"Nilisikia."

"Kwa nani?"

Dada akashika funguo zake zote kwenye kiganja zisilie.

"Kwa fundi wa Nyakanazi," alisema. "Alisema vendoli. Nikajua ile i ni ya kwetu sisi Waswahili, nikaitoa. Ile eli sikujua kama ni ya kwake."

"Wewe shetani!" Rogasian alipata sauti yake ya gwaride. "Umeniaibisha kwa wafadhiri! Nimepiga simu hadi wirayani! Toka shureni kwangu, toka sasa hivi..."

"Mkuu, nenda ofisini," Leonsia alisema.

"Hii ni shure yangu!"

"Na hiki ni chumba cha upelelezi. Ulimpeleka mtu mahabusu bila kumulika tochi. Nenda ofisini, nitakuhitaji na wewe uandike maelezo."

Rogasian akatoka, viatu vyake vikilalamika veranda nzima. Clarisse hakuinuka. Alikuwa ameinamisha kichwa juu ya kompyuta inayowaka.

"Pasiwedi nilimpa mimi," alisema. "Kuziwasha kila siku ilikuwa inanichosha, nikawa namtuma yeye. Ndiyo maana sikukujibu vizuri. Niliona ikijulikana nitaulizwa kazi yangu ni nini."

"Na utaulizwa. Tuachie nafasi."

Wakabaki wawili. Leonsia akavuta benchi, akampa Priscila ishara akae. Safari hii hata yeye alikaa.

"Ulifuta lini?"

"Jumapili, baada ya misa. Nilifuta kwenye zote."

"Peke yako? Nani alikuonyesha?"

"Yeye. Fabrice. Siku ile anaweka. Wote walimchoka wakaondoka, mimi nilibaki kwa sababu ya funguo. Nikauliza kwa nini kioo kimezima na mashine inanguruma. Nilidhani ataniambia kaa kimya, dada. Akakaa chini akachora. Akasema hii ni picha, hii ni taa, hizi ni sheria za nani awashe. Nikauliza tena. Akaeleza tena. Akanipa nami niandike kwenye mashine moja."

"Na baada ya hapo?"

"Akamaliza. Akafunga begi. Akasema zikisumbua mniite."

Leonsia akasubiri.

"Hazikusumbua," alisema Priscila.

Nje kengele ikagongwa, watoto wakamwagika uwanjani na ukelele wao.

"Ulimpenda?"

Priscila akafikiri, kwa haki, kama aliyeulizwa swali la mtihani. "Nilipenda anavyoeleza, afande. Mimi sijawahi kuelezwa kitu mpaka mwisho. Watu wananieleza mpaka pale panaponitosha kufanya kazi yao."

"Kwa hiyo ulizima taa ili aitwe."

"Nilijua mkuu atampigia simu. Kila kitu kikiharibika anapiga simu. Sikujua atapiga polisi." Akajifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Nilipoona karandinga nikasema nitazirudisha kabla hawajafika mbali. Nikaja na tochi, maana picha nilijua ipo. Neno la mwisho likanitoka. Nikapiga Nyakanazi. Nikaandika kwenye zote, nikaziwasha. Giza. Sikujua nimekosea wapi. Nimeliangalia lile neno mpaka nikaanza kuona linanicheka."

"Mbona hukuja kusema? Mtu analala sakafuni kwa ajili yako. Mama yake anashinda juu ya tofali."

"Ningekuja kusema nini? Kwamba nimeharibu mali ya shule ili mwanaume arudi? Kirushya hii? Wangeuliza mwanaume, wasingeuliza kompyuta."

Leonsia aliijua Kirushya.

"Sikiliza, dada. Nina maneno ya fundi asiyekumbuka namba, na herufi moja uliyoitamka mlangoni. Ukikataa kesho, wakili mbovu kuliko wote atakutoa. Na Fabrice atakwenda kizimbani. Sikudanganyi, na sikuburuzi."

Priscila akaivua kamba ya funguo shingoni. Ilinasa kwenye nywele, akaivuta kwa nguvu mpaka ikatoka. Akaiweka juu ya benchi.

"Twende ukaniandike."

* * *

Mkuu wa kituo alisoma maelezo mwanzo hadi mwisho, akarudi mwanzo tena, akasugua kidevu. Alisema kuhusu dada itaamuliwa kesho, na kwamba akiirudishia shule mashine zinazowaka pengine itaishia mezani kwa afisa elimu badala ya kwa hakimu. Pengine. Kuhusu kijana hakusema pengine. Aliita funguo za mahabusu.

Fabrice akatoka akiwa ameshika viatu mkononi, kama hakuamini watamwacha avivae pale ndani. Mama Kaneza alikuwa ameshaingia bila kuruhusiwa na hakuna askari aliyethubutu kumtoa. Akamshika mwanaye usoni kwa mikono miwili, akamkagua meno, masikio, shingo.

"Twende," akasema. "Twende kabra hawajageuka."

Lakini Fabrice alikuwa amemwona Priscila kwenye benchi la kaunta, kidole gumba kina wino mweusi. Akaangalia kidole kile. Akamwangalia Leonsia, na Leonsia akaitikia kwa kichwa, ndiyo, ni huyu. Kijana akasogea hadi mbele ya benchi. Mama yake akavuta mkono wa shati, hakusogea.

"Ni wewe wa funguo?"

"Ni mimi."

"Umenifanya mwizi mbele ya mama yangu."

"Ndiyo."

Alikuwa na mengine ya kusema. Askari wa zamu aliacha kuandika. Leonsia alisogea hatua moja, kwa desturi, maana watu waliotoka ndani wamewahi kupiga watu pale kaunta. Fabrice hakuinua mkono.

"Namba yangu niriiacha ukutani," alisema. "Ungenipigia tu. Ungesema hujaerewa, ningekuja."

Priscila akainua uso.

"Lakini nilikuwa nimeelewa," alisema.